Uyoga wa Miomboni na Jinsi Upatavyo Jina

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Usoke)



Mmetutaka tuseme habari za uyoga wa porini, na hasa jinsi wataalamu wanavyoutambua uyoga ambao bado haujaandikwa katika kitabu cho chote. Tangazo la hotuba hii lilipobandikwa, baadhi ya ndugu zetu walicheka. Walisema uyoga ni shughuli ya wanawake na watoto, na ya kwamba Chama cha watumishi kina mambo mazito zaidi ya kuzungumza, kama mishahara na nyumba za kukaa. Hatuwalaumu. Twawaomba tu watusikilize mpaka mwisho, kwa maana jambo hili lina kazi ya ukarani ndani yake kuliko wanavyodhani, tena lina uhai wa watu.

Kila mwaka, mvua za Novemba zikiisha kuilowesha ardhi, pori letu la miombo hutoa uyoga wa kila rangi: mweupe, wa manjano, mwekundu, wa zambarau. Akina mama huingia porini alfajiri na kurudi na vikapu. Mwingine huliwa siku ile ile, mwingine hukaushwa juani ukawekwa akiba, na mwingine huuzwa kando ya njia na karibu na stesheni. Hii ndiyo mboga ya miezi ambayo ghala limepungukiwa na mahindi mapya hayajakomaa. Mtu asiyejua njaa ya Januari aweza kuudharau uyoga. Sisi wa huku hatuwezi.

Basi kwanza tuseme uyoga ni kitu gani. Zamani wataalamu waliuweka pamoja na mimea, lakini sasa wamekubaliana kuwa si mmea wala si mnyama, bali ni milki yake peke yake, tena kwa nasaba uko karibu na wanyama kuliko mimea. Hauna majani ya kijani ya kujitengenezea chakula kwa jua. Kile tunachokichuma ni kama embe tu juu ya mwembe. Mwembe wenyewe uko chini ya ardhi, nao ni nyuzi nyembamba mno zilizotanda katika udongo, katika majani yaliyooza na katika mizizi. Nyuzi hizo zaweza kuishi miaka mingi bila kutoa kitu juu.

Katika pori letu ziko namna mbili za maisha ya uyoga zinazotuhusu sana. Ya kwanza ni ya uyoga wa kichuguu. Huu hulimwa na mchwa, na neno "hulimwa" twalitumia kwa maana yake halisi. Mchwa hukata miti mikavu na nyasi, hutafuna, huzijenga tope zake zikawa kama sega la nyuki ndani ya kichuguu, na juu ya sega hilo nyuzi za uyoga huota na kulainisha mti mgumu hata mchwa waweze kuula. Mvua zikija, uyoga hupenya kichuguu kwa mzizi mrefu na kujitokeza nje. Wataalamu wasema kilimo hicho kilianza katika misitu ya Afrika miaka ipatayo milioni 30 iliyopita, yaani kabla ya jembe la kwanza la mwanadamu kwa muda usiohesabika. Ukoo huo wa uyoga ulipewa jina la Termitomyces na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mkubwa wao kupita wote, ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja, haukuwa na jina la kitaalamu mpaka mwaka 1980, wakati Pegler na Piearce walipouandika kutoka Zambia kwa jina la Termitomyces titanicus. Fikirini, mabwana: uyoga unaoweza kumfunika mtoto wakati wa mvua, unaouzwa waziwazi kando ya barabara, ulingoja mpaka 1980 kuingia katika daftari la dunia! Basi tusishangae kwamba midogo mingi ingali ikingoja.

Namna ya pili ni ya uyoga unaofungamana na mizizi ya miti. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi kama soksi. Uyoga huupa mti maji na chumvi za udongo, na mti huupa uyoga sukari. Huko Ulaya na Marekani miongoni mwa miti yenye urafiki huo ni misonobari na jamaa zake. Kwetu ni miombo yenyewe, na mtundu, na mkusu. Mninga, ingawa twausifu kwa mbao, haumo katika urafiki huu. Uyoga wa namna hii haulimwi bustanini. Watu wamejaribu sana katika nchi nyingi kuotesha ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta, uitwao Cantharellus, na mpaka leo sokoni unatoka porini tu. Mwenye kuutaka lazima awe na mti wake.

Sasa tuje kwenye jina. Watu wa hapa wameupa majina uyoga wao tangu mababu, na majina hayo yatosha kabisa kwa kazi ya jikoni. Shida huanza mtu avukapo mto. Jina la kijiji hiki si jina la kijiji cha pili. Na ng'ambo ya Malagarasi, kwa ndugu zetu Warundi, uyoga wote huitwa ubwoba, na Bwana Bart Buyck alikiita kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya uyoga unaoliwa huko kwa neno hilo hilo. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia desturi ya Linnaeus, wa Sweden, aliyoieneza katikati ya karne ya 18: kila kiumbe kina majina mawili, la kwanza la ukoo na la pili lake mwenyewe. Jambo hili sisi makarani twalielewa upesi, maana hata katika orodha ya mishahara hatuwezi kuandika "Juma" peke yake tukatazamia alipwe Juma aliye haki.

Tuseme basi mtu ameokota miomboni uyoga ambao haumo katika vitabu. Afanyeje? Kwanza huupiga picha ungali ardhini, kisha huuchimba mzima pamoja na shina lake lote, kwa sababu alama nyingi zimefichwa chini ya udongo. Huandika siku ile ile rangi yake, harufu yake, kama hutoa maziwa ukikatwa, kama nyama yake hubadilika rangi, na mti uliosimama karibu. Mambo hayo yote hupotea uyoga ukikauka, na asiyeyaandika amepoteza nusu ya kazi. Kisha hukata kofia, huilaza juu ya karatasi yenye nusu nyeupe na nusu nyeusi, huifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi hukuta vumbi limeanguka na kuchora sura ya matamvua ya chini ya kofia. Vumbi hilo ndilo mbegu yake, na rangi ya vumbi hilo ni alama kubwa. Baada ya hapo uyoga hukaushwa taratibu kwa hewa ya moto mpaka uwe mgumu kama kibanzi, hutiwa katika bahasha yenye namba, mahali, tarehe na jina la mwokotaji.

Sehemu ya pili ya kazi hufanywa ndani, kwa darubini. Hupimwa mbegu zile kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya milimita. Hutazamwa kama ni laini au zina miiba. Hutazamwa nyuzi kama zina vifundo mahali zinapoungana. Siku hizi huongezwa uchunguzi wa vinasaba, ambao huonyesha nani ni ndugu wa nani hata kama sura zimefanana. Na hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana lazima sasa kusoma yote yaliyokwisha andikwa na wengine, na kuyalinganisha. Kwa Afrika Mashariki hupitiwa kitabu cha Pegler cha mwaka 1977, na maandiko ya Wabelgiji juu ya Kongo, na kazi ya Bibi Marja Härkönen wa Helsinki na wenziwe, akiwamo Bwana Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Ikiwa baada ya hayo yote uyoga ule haulingani na wo wote, ndipo mtu athubutu kuuita mpya.

Jina jipya nalo lina sheria zake, na sheria zimebadilika. Tangu 1935 maelezo ya uyoga mpya yalitakiwa yawe kwa Kilatini. Tangu mwanzo wa 2012 Kiingereza pia chakubaliwa. Na tangu 2013 kila jina jipya lazima liandikishwe katika rejista iliyokubaliwa, lipewe namba. Tangu 1958 haikubaliki kutoa jina bila kutaja kielelezo kimoja kilichohifadhiwa, ambacho jina limefungwa nacho daima. Jina lisilo na kielelezo ni sawa na barua isiyo na sahihi wala mhuri: yaweza kuwa na maneno mazuri, lakini hakuna afisa atakayeifanyia kazi. Tena jina la kwanza kutolewa kwa kanuni ndilo lishindalo. Mwaka 1980 Pegler na Piearce waliutangaza uyoga mweupe mzuri wa Zambia kwa jina la Amanita zambiana. Lakini wako wataalamu wasemao kuwa ni ule ule ambao Beeli aliuita Amanita loosii mwaka 1936. Kama ndivyo, jina la Zambia halina budi kukaa chini, hata likipendeza vipi.

Mfano wa nyumbani ni huu. Mwaka 2008 Bibi Donatha Tibuhwa na Bibi Amelia Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Bwana Buyck wa Paris na Bwana Leif Tibell wa Uppsala, waliutangaza uyoga mpya wa Tanzania kwa jina la Cantharellus fistulosus. Neno la pili kwa Kilatini lamaanisha wenye tundu kama bomba, kwa sababu shina lake lina uwazi ndani. Alama yenyewe ni rahisi hata mtoto aweza kuiona kwa kupasua shina kwa kucha. Lakini kuiona si kuithibitisha. Miaka minne baadaye, yaani 2012, Bibi Tibuhwa na wengine watatu walikwenda mbele zaidi, wakasema uyoga huo pamoja na wenzake wachache wa Afrika, wenye matamvua manene yaliyoachana na nyuzi zisizo na vifundo, wastahili ukoo wao wenyewe, uitwao Afrocantharellus. Bwana Buyck na wenzake wengine hawakukubali; wao huendelea kuwaweka ndani ya ukoo wa zamani. Wote wawili wameona uyoga ule ule, na wala hawakugombana kwa matusi. Sisi twapendezwa na mabishano ya namna hii, na laiti mikutano yetu ya hesabu za mwaka ingekuwa hivyo.

Neno moja zaidi juu ya majina. Pegler na Piearce mwaka ule wa 1980 waliuandika uyoga mwingine utoao maziwa kwa jina la Lactarius kabansus. Kabansa ni jina la Kibemba, jina la akina mama wa sokoni, nalo sasa limo katika vitabu vya Ulaya na halitoki tena. Na mwaka 1998 ulitoka Lactarius tanzanicus, wenye jina la nchi yetu. Lakini katika orodha hizo hatujaona jina lililochukuliwa kwa Kinyamwezi, ijapokuwa pori kubwa la miombo ni la kwetu.

Hapa twaomba ruhusa kuikumbuka njia ya zamani. Usoke ipo katika upande ule ambao misafara ilipita kutoka Tabora kwenda Ujiji. Mwaka 1861 Speke na Grant walikaa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na mimea aliyoikausha Grant safarini ilichapishwa huko London katika miaka ya 1870. Baada yao alikuja Mjerumani Richard Böhm, aliyetembea Unyamwezi katika miaka ya 1880 na kufa Katanga mwaka 1884. Mmoja katika miombo yetu, Brachystegia boehmii, wachukua jina lake hata leo. Mizigo ya mabwana hao haikutembea yenyewe. Ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, ambao bila shaka waliujua mti ule na matumizi yake kabla ya kuufunga kwenye karatasi. Hatusemi haya kwa uchungu. Twasema kwamba daftari la dunia huandikwa na yule aliyechukua kalamu, na leo kalamu twazo.

Sasa tufike kwenye jambo zito, nalo ni sumu. Karibu kila masika husikika mahali fulani habari za jamaa waliokula uyoga mbaya. Watu wengi huamini dalili za uongo: kwamba sarafu ya fedha au kitunguu vikipikwa pamoja vitageuka rangi palipo na sumu, au kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa mtu. Yote hayo si kweli, na yameua watu. Sumu ya Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya ambao umesafiri na miti ya kupandwa mpaka mabara mengine, haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Dalili zake hukawia saa 6 mpaka 12, na hata zaidi. Kisha mtu huharisha na kutapika, halafu huonekana amepata nafuu, watu wa nyumbani wakashukuru, kumbe ini linaharibika kimya kimya. Kwa hiyo mtu aliyeugua saa nyingi baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata akisema amepona, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye. Mwingine wa kuangaliwa hapa kwetu ni Chlorophyllum molybdites, mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, uotao katika majani ya viwanja, hata viwanja vya ofisi. Mtu wa mjini huufikiri ni uyoga wa kichuguu. Vumbi lake ni la kijani, na matamvua yake yakizeeka hugeuka kijani; karatasi na bakuli tulivyovisema hapo juu vyatosha kumfichua. Atakayeula atatapika sana.

Tuliwauliza akina mama wa hapa wanautambuaje ule mzuri. Jibu lao la kwanza halikuwa rangi, lilikuwa mti. Walisema huu ni wa chini ya mtundu, huu ni wa mkusu, huu ni wa kichuguu, na ule unaoota mahali usipouzoea usiuguse. Kisha walitaja mwezi wake, kisha harufu, mwisho rangi. Mwenye kusoma maagizo ya wataalamu atakuta wanauliza mambo hayo hayo. Tofauti ni kwamba mwanamke huyu hakuandika, na binti yake yupo shuleni mwezi wa Januari wakati wa somo lenyewe la porini. Mama akifa, elimu yote ile huzikwa naye. Na binti atakwenda kuchuma siku moja, maana njaa haiulizi cheti.

La mwisho ni pori lenyewe. Wazee walio mbele yetu wazijua habari za karanga za Urambo. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa Waingereza wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mitambo iling'oa miti kwa mizizi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye ikaja tumbaku, ambayo imewapa watu wengi fedha, na hatuthubutu kuitukana, maana ada za shule za watoto wengi wa hapa zimetoka humo. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto katika bani, na bani hula kuni. Mti ukatwapo kwenye kisiki na kuachwa, waweza kuchipua, na nyuzi zake zikaendelea kuishi. Mti ukingo'lewa na shamba likalimwa miaka mingi, uyoga wake hautoki tena hapo, kwa sababu hauna mwenzi wa kumlisha. Wataalamu hukadiria kwamba aina za uyoga na jamaa zake duniani ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, na zilizokwisha andikwa ni sehemu ndogo tu. Yawezekana upo uyoga ulioota mwaka jana nyuma ya stesheni hii, ukaliwa na kusifiwa, usio na jina katika rejista yo yote, na pori lake limekwisha gawanywa kuwa mashamba.

Kwa hiyo twaomba Chama kikubali mambo haya yaandikwe katika kumbukumbu. Masika haya wanachama wa Usoke waende porini pamoja na akina mama watakaotuongoza, nao walipwe posho yao ya siku kama alipwavyo mtaalamu mwingine ye yote. Kila uyoga upigwe picha kwa simu, uandikwe, ukaushwe, na mwisho wa mvua bahasha zipelekwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako imo hifadhi ya mimea iliyokaushwa na wamo watu wa kuutazama. Wala tusile kitu cho chote ambacho kiongozi hakukitaja kwa jina, hata kama kimefanana na cha jana.

Watakaokuja wachukue kikapu au ungo, wasichukue mfuko wa nailoni, kwa sababu uyoga huoza ndani yake kabla ya saa sita mchana. Wachukue kisu, karatasi kuukuu za kufungia, na penseli. Wino wa kalamu huchuruzika kwa unyevu. Tutakutana Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kunyesha siku tatu mfululizo, saa kumi na mbili asubuhi, penye njia ipitayo reli. Daftari tumekwisha lipigia mistari: namba, tarehe, mti, rangi, harufu, jina la Kinyamwezi na jina la aliyelitaja. Safu ya jina la Kilatini tumeiacha wazi mpaka majibu yatakaporudi kutoka Dar es Salaam.